Moses Fleetwood Walker: Mdakaji Aliyefungiwa Uwanja



Nimekuja kuzungumza juu ya mtu aliyedaka mpira kwa mikono iliyokuwa karibu mitupu, na juu ya namna alivyoondolewa katika mchezo alioumudu. Jina lake Moses Fleetwood Walker; wenzake walimwita Fleet. Mwaka 1884 alicheza katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, naye ni Mweusi ambaye hakuficha Weusi wake, miaka 63 kabla ya Jackie Robinson kuvaa jezi ya Brooklyn Dodgers.

Wengi tumefundishwa kwamba Robinson ndiye aliyetangulia. Tukilipokea hilo bila kuuliza, tunapokea na jingine lililo baya zaidi: kwamba Weusi walikuwa nje tangu mwanzo, kwamba kuwa kwao nje ni jambo lililozaliwa pamoja na mchezo wenyewe na halina aliyelianzisha. Sivyo ilivyokuwa. Walikuwamo, kisha wakatolewa. Waliowatoa wana majina, na tarehe za vikao vyao zinajulikana. Maisha ya Walker yana thamani kubwa kwetu kwa sababu yeye alikuwapo uwanjani mambo hayo yalipokuwa yakitendeka, mwaka kwa mwaka, naye akayapata mwilini mwake.

Kwanza tuutazame mchezo, maana asiyeijua kazi ya mdakaji hawezi kumwelewa Walker. Waliopata kutazama kriketi katika viwanja vya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala watanifuata kwa urahisi. Yupo mrushaji, yupo mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji amechutama mtu anayeupokea mpira usiopigwa. Huyo ndiye mdakaji. Lakini kazi yake haiishii kupokea. Yeye peke yake ndiye anayeuona uwanja wote ukiwa mbele ya uso wake. Yeye ndiye anayempa mrushaji ishara za vidole, kumwambia sasa rusha wa kasi, sasa rusha wa kupinda. Na mkimbiaji wa upande wa pili akinyemelea kituo cha mbele, yeye ndiye anayepaswa kunyanyuka na kutupa mpira kabla mtu huyo hajafika.

Miaka ya 1880 kazi hiyo ilikuwa mateso. Mrushaji alisimama futi 50 tu kutoka kwa mpigaji, yaani kama mita 15. Umbali wa leo wa futi 60 na inchi 6 uliwekwa mwaka 1893. Barakoa ya waya ilikwisha kubuniwa, lakini glavu nene ya mdakaji, ile iliyojazwa sufi kama mto, ilikuwa bado haijaenea. Walker alidaka mikono mitupu, au akiwa na glavu nyembamba za ngozi ambazo hazikuzuia chochote. Vidole vilivunjika, viganja vilivimba, mbavu zikapata zao. Mdakaji wa siku hizo hakutarajiwa kucheza kila siku. Timu iliweka wawili au watatu wapokezane maumivu.

Sasa mfikirieni mtu katika hali hiyo, halafu mrushaji wake mwenyewe hataki kuzitazama ishara zake.

Mrushaji mkuu wa Toledo, timu ya Walker, mwaka 1884 alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Ireland, mwenye kipaji kisicho cha kawaida, aliyeshinda michezo 36 msimu huo. Mwaka 1919, akiwa ameshazeeka, Mullane alisimulia gazetini habari za mdakaji wake wa zamani. Alisema Walker ndiye mdakaji bora kuliko wote aliopata kufanya nao kazi. Akakiri pia kwamba hakuwapenda Weusi, na kwa hiyo kila alipolazimika kumrushia Walker alirusha alivyotaka yeye bila kujali ishara. Siku moja Walker aliomba mpira wa kupinda, Mullane akamrushia wa kasi. Walker akaudaka. Kisha akatoka mahali pake, akamwendea Mullane, akamwambia kwa adabu kwamba yuko tayari kumdakia bila ishara zozote, lakini hatakubali kutoa ishara halafu ageukwe. Tangu siku hiyo, kwa msimu wote uliobaki, Walker alimdakia Mullane pasipo kujua mpira gani unakuja.

Naomba tukae kidogo hapo, kwa sababu mimi naona ndipo kiini cha habari hii kilipo. Vitabu vya takwimu vinatuambia kwamba mwaka huo Walker alicheza michezo 42 na kupata wastani wa upigaji wa 0.263, juu ya wastani wa timu yake. Vinahesabu pia makosa yake ya udakaji, na si machache. Lakini hakuna safu katika vitabu hivyo inayoonyesha kwamba mtu huyu alikuwa akidaka kwa kubahatisha, kwa wepesi wa macho na mikono tu, kwa sababu mwenzake aliyevaa jezi moja naye hakutaka kupokea agizo kutoka kwa Mweusi. Kila mpira ulioponyoka uliandikwa kwa jina la Walker. Mwanahistoria anayezisoma takwimu hizo bila kuijua habari ya Mullane anamhukumu mtu kwa ushahidi nusu.

Alitoka wapi mtu huyu? Alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1856 katika mji mdogo wa Mount Pleasant, Ohio. Mji huo ulikuwa na wafuasi wengi wa dhehebu la Marafiki, wale wanaojulikana zaidi kwa jina la Quaker, nao waliupinga utumwa na kuwaficha watumwa waliotoroka kutoka kusini. (Wenzetu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanalijua vizuri dhehebu hilo; wamisionari wake kutoka Marekani walifika huko mwaka 1902.) Walker alikua katika mji wa jirani wa Steubenville, ambako baba yake alikuwa mganga na baadaye mchungaji. Mwaka 1878 akaingia Chuo cha Oberlin, kilichokuwa kimewapokea wanafunzi Weusi tangu 1835. Alikuwa mtoto wa familia iliyosoma, katika jimbo ambalo halikuwa na utumwa, katika chuo kilichojivunia msimamo wake. Mwaka 1881 alidaka katika timu ya kwanza ya chuo hicho kucheza na vyuo vingine. Mwaka uliofuata alihamia Chuo Kikuu cha Michigan kusoma sheria, akaichezea timu ya huko pia. Sheria hakuimaliza. Besiboli ilikuwa inalipa, naye alikuwa na mke, Arabella Taylor, waliyesoma naye Oberlin.

Kabla ya hapo, Agosti 1881, alikwisha kuonja yatakayokuja. Timu ya kampuni moja ya cherehani ya Cleveland ilimchukua kwenda kucheza Louisville, Kentucky. Wenyeji wakagoma: Mweusi hatacheza. Walker akawekwa pembeni. Mdakaji aliyeingia badala yake akaumia mkono baada ya muda mfupi tu, akakataa kuendelea. Watazamaji wa Louisville, watu wa jimbo lililokuwa na watumwa hadi miaka 16 iliyotangulia, wakaanza kulitaja jina la Walker wakitaka aingie. Akaingia uwanjani kupasha mwili, wakamshangilia. Wachezaji wawili wa Louisville wakatoka uwanjani kwa hasira. Mwishoni Walker akarudi alikotoka, na nafasi ya mdakaji ikajazwa na mchezaji wa kituo cha tatu.

Liangalieni tukio hilo kwa makini. Wanaolipa kiingilio wanamtaka. Wanaomkataa ni wachezaji wachache na viongozi waliowaogopa wachache hao. Mfano huo utajirudia katika kila hatua ya maisha yake ya uchezaji, na ndiyo sababu siikubali ile hoja ya kwamba besiboli ilifuata tu matakwa ya umma.

Mwaka 1883 alijiunga na Toledo Blue Stockings katika Ligi ya Northwestern. Mwezi Machi, kabla msimu haujaanza, klabu ya Peoria ilipeleka hoja kwamba wachezaji Weusi wapigwe marufuku katika ligi. Hoja ikashindwa. Toledo ikatwaa ubingwa. Kisha tarehe 10 Agosti wakaja wageni wakubwa, Chicago White Stockings, kwa mchezo wa kirafiki. Nahodha na meneja wao alikuwa Cap Anson, nyota mkubwa kuliko wote wa zama zake. Anson akatangaza kwamba timu yake haitacheza na Mweusi. Siku hiyo Walker alikuwa amepangiwa kupumzika kwa sababu mikono yake ilikuwa imeumia. Meneja wa Toledo, Charlie Morton, angeweza kumwacha apumzike na mambo yakaisha kimya. Badala yake alimwingiza Walker kucheza upande wa kulia wa uwanja, akamwambia Anson achague: acheze, au aondoke bila fungu lake la mapato ya mlangoni. Anson akacheza. Chicago wakashinda 7 kwa 6.

Mnaona jinsi lilivyokuwa jambo jepesi? Mtu mmoja mwenye msimamo, na hoja ya fedha, vilitosha kumfanya Anson alegee. Morton hakuwa mwanaharakati; alikuwa meneja aliyekataa kuamrishwa na mgeni nyumbani kwake. Laiti mameneja watano au sita wengine wangefanya hivyo katika miaka minne iliyofuata, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa.

Mwaka 1884 Toledo ikapandishwa kuingia American Association, iliyohesabiwa kuwa ligi kuu. Tarehe 1 Mei Walker alicheza mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu, na palikuwa pale pale Louisville. Baadaye msimu huo mdogo wake, Weldy, aliitwa kujaza nafasi za majeruhi, akacheza michezo michache. Walker alivunjika ubavu kwa mpira. Kabla ya safari ya Richmond, Virginia, meneja alipata barua yenye majina chini yake ikionya kwamba wanaume 75 wameapa kumshambulia Walker akithubutu kutokea uwanjani. Hakwenda; klabu ilikuwa imekwisha kumwachia kwa sababu ya majeraha. Toledo ikamaliza nafasi ya nane, ikakosa fedha, ikavunjika.

Hapa lazima niseme neno kuhusu nchi yenyewe. Oktoba 1883, miezi miwili baada ya Anson kulegea pale Toledo, Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1875, iliyokataza ubaguzi katika hoteli, magari ya abiria na kumbi za burudani. Walioitaka rangi iwe mpaka waliona njia imefunguliwa. Besiboli haikuwa kisiwa. Lakini wala haikulazimishwa: hakuna sheria ya nchi iliyoitaka Ohio au New York iwatenge wachezaji wake.

Sasa tufike mwaka 1887, mwaka ninaouona kuwa mzito kuliko wote. Walker alikuwa Newark, New Jersey, katika Ligi ya International, ngazi moja chini ya ligi kuu. Mrushaji wake alikuwa George Stovey, Mweusi mwenzake, aliyerusha kwa mkono wa kushoto. Mrushaji Mweusi na mdakaji Mweusi, ishara zikitolewa na kufuatwa. Stovey akashinda michezo zaidi ya 30 msimu huo. Baada ya yale ya Mullane, nadhani ulikuwa ushirikiano wa mrushaji na mdakaji uliomstahili Walker. Ligi hiyo ilikuwa na Weusi kadhaa. Buffalo walikuwa na Frank Grant, mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa ligi nzima. Syracuse walikuwa na Robert Higgins, na mchezaji mwenzake mmoja, Crothers, alikataa hata kukaa naye katika picha ya timu, akagombana na meneja wake mpaka akasimamishwa.

Tarehe 14 Julai 1887 mambo mawili yalitokea kwa siku moja. Chicago ya Anson ilifika Newark kucheza mchezo wa kirafiki. Safari hii hakukuwa na Charlie Morton. Ikatangazwa kwamba Stovey anaumwa, na Walker naye hakucheza. Na kule Buffalo, wakurugenzi wa Ligi ya International waliketi wakapiga kura, 6 dhidi ya 4, kwamba ligi isiidhinishe tena mikataba mipya ya wachezaji Weusi. Sababu waliyoitoa ni kwamba Wazungu wengi walio wachezaji wazuri walitishia kuhama. Septemba mwaka huo huo, wachezaji wanane wa St. Louis Browns, mabingwa wa American Association, walimwandikia mwenye klabu kwamba hawatacheza mchezo wa kirafiki na timu ya Weusi iliyoitwa Cuban Giants.

Waandishi wengi humbebesha Anson mzigo wote. Naelewa kwa nini: alikuwa maarufu, alikuwa na sauti kubwa, na chuki yake hakuificha. Lakini mimi sikubaliani nao. Anson hakuwa na kura pale Buffalo. Waliopiga kura ni wafanyabiashara wa mijini, watu wazima wenye akili zao, na sita kati yao waliona ni rahisi zaidi kumfukuza asiye na watetezi kuliko kumwambia mlalamikaji acheze au aondoke. Tukimfanya Anson kuwa shetani pekee wa habari hii, wale sita wanaponyoka, na wale wanane wa St. Louis pia, na Mullane pia.

Aliyejibu kwa maandishi alikuwa Weldy. Machi 1888 gazeti la Sporting Life lilichapisha barua yake kwa rais wa ligi moja ya Ohio iliyokuwa imewafungia Weusi. Alidai kwamba kama kuna sheria ya kumzuia mtu, iwe kwa kukosa uwezo, tabia na akili, si kwa rangi. Na akauliza: ikiwa Mweusi hafai kucheza, kwa nini fedha yake inapokewa mlangoni?

Fleet alihamia Syracuse mwaka 1888, akadaka katika timu iliyotwaa ubingwa wa ligi yake. Higgins alichoka, akaacha mpira, akarudi Memphis kwenye kibanda chake cha kunyolea. Agosti 1889 Syracuse wakamwachia Walker, ambaye umri wake ulikuwa unakaribia miaka 33. Baada yake hakuna Mweusi aliyecheza katika Ligi ya International mpaka Robinson alipovaa jezi ya Montreal mwaka 1946. Na kumbukeni: ligi kuu haikuwahi kuandika kanuni ya kuwazuia Weusi. Kwa miongo mingi viongozi wake waliweza kusimama hadharani na kusema hakuna marufuku yoyote, nao kwa maandishi walikuwa wakisema kweli.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Aprili 1891, huko Syracuse, alizongwa na kundi la wanaume Wazungu. Katika ugomvi huo alimchoma mmoja kisu, naye akafa. Baraza la mahakama, wote Wazungu, lilimwachia huru mwezi Juni, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mwaka huo huo alipata hataza ya kombora la mizinga alilolibuni. Arabella alifariki 1895. Mwaka 1898, akiwa mfanyakazi wa posta, alipatikana na hatia ya kuiba barua, akafungwa mwaka mmoja. Sitalificha hilo, anayempenda mtu wa historia hana budi kumpenda mzima.

Baadaye, yeye na mke wake wa pili, Ednah Mason, waliendesha ukumbi wa maonyesho katika mji wa Cadiz, Ohio, wakaonyesha sinema zilipokuwa bado mpya. Pamoja na Weldy alihariri gazeti lililoitwa The Equator, yaani Ikweta. Na mwaka 1908 alichapisha kitabu kidogo, Our Home Colony, ambacho kinatuhusu moja kwa moja sisi tulioko upande huu wa bahari. Humo alieleza kwamba Mweusi hatapata usawa Marekani, wala leo wala kesho, na kwamba njia iliyobaki ni kuhamia Afrika.

Kitabu hicho kinaniumiza kila ninapokisoma. Kina mawazo juu ya jamii za watu ambayo siyakubali, na Afrika yake ni ya kufikirika. Wakati anakiandika, karibu bara lote lilikuwa chini ya Waingereza, Wafaransa, Wajerumani, Wareno na Wabelgiji, na Maji Maji ilikuwa imezimwa kwa njaa na risasi mwaka mmoja tu uliotangulia. Angekuja kwetu angekuta kura za Buffalo zinapigwa Berlin na London. Lakini hoja yake kuu haikutoka vitabuni. Ilitoka kwa mtu aliyesoma Oberlin na Michigan, aliyeshangiliwa na watazamaji Louisville, aliyeitwa mdakaji bora na mtu aliyemchukia, na ambaye hayo yote hayakumpa nafasi ya kubaki uwanjani. Alipima nchi yake kwa kipimo alichokuwa nacho.

Yeye mwenyewe hakuhama. Alibaki Ohio, na mwaka 1920 akapata hataza nyingine za vifaa vya kuonyeshea sinema. Alifariki Cleveland tarehe 11 Mei 1924, akazikwa Steubenville katika kaburi lisilo na jina. Jiwe lenye jina lake liliwekwa mwaka 1990, na watu wa Oberlin ndio waliolisimamisha.

Desemba 2020 wakuu wa besiboli ya Marekani walitangaza kwamba ligi saba za Weusi, zilizochezwa kati ya 1920 na 1948, zitahesabiwa kuwa ligi kuu. Nilifurahi, na ninaamini ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini ile miaka 33 kati ya kura ya Buffalo na mwaka 1920 bado imebaki nje ya hesabu, pamoja na michezo yote aliyoshinda George Stovey akiwa na Fleet Walker nyuma ya mpigaji.